Masikio ya Mzee Dilawar

Ukitaka kumwona Dilawar amepandwa na hasira, mwambie kwamba muziki wa kantri ni mali ya Wazungu. Ataweka bisibisi chini, atavua miwani, na atakuuliza kama umewahi kukaa Kenya hata Jumapili moja. Kule, atakueleza, gita la kantri lilitoka kwenye redio za nyumba zote tangu watu watoke kanisani hadi chai ya jioni, na mama wa Kisii ambaye hata Kiingereza cha kuombea maji hana aliweza kukuimbia beti zote, mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Basi ungemlipa ufundi wa redio yako, uende zako.

Yeye mwenyewe alikuwa Mwismaili wa Kisumu. Kazi alijifunza kwenye duka la mjomba wake, ambako mbele waliuza redio na nyuma walirekodi bendi za benga, vijana wanane ndani ya chumba cha kuwatosha watatu. Alipohamia Toronto mwaka 1974 alikuja na mke, sanduku moja, na desturi ile ile. Duka lake la mtaa wa Weston lilikuwa hatua chache kutoka reli. Mbele alitengeneza redio na televisheni. Nyuma alikuwa na chumba alichokifunika mablanketi kutani, na katikati ya chumba alisimamisha kipaza sauti kimoja tu.

Hicho kimoja kilikuwa dini yake ya pili. Wengine walimpa kila mpigaji kipaza sauti chake, kisha wakakaa kwenye kompyuta wakichanganya kama wanapika pilau. Dilawar alichanganya kwa miguu. Aliwasimamisha watu, akafumba macho, akasikiliza, kisha akasema: gita, rudi hatua mbili. Mwimbaji, nusu hatua mbele. Pale kila mmoja aliposimama sawasawa alibandika kipande cha utepe wa gundi sakafuni, na ole wako usogee.

Kemunto aliingia dukani Oktoba mwaka 2003 akiwa na redio ya bibi mmoja wa nyumba ya wazee alikofanya kazi ya uangalizi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, koti kubwa kuliko yeye, na haraka ya mtu anayesubiriwa zamu. Dilawar aliifungua redio, akagusa waya mmoja, ikaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kantri, wa zamani. Na Kemunto, huku akitafuta pochi yake mkobani, akaanza kuufuata bila kujijua, sauti yake ikipita pembeni kidogo ya ile ya redioni, kama mtu anayetembea na mwenzake njia moja bila kumkanyaga.

Dilawar aliweka bisibisi chini. Alikuwa amesikiliza waimbaji kwa miaka arobaini na hajawahi kuogopa sauti ya mtu. Hii aliiogopa. Alizima redio ili asikie vizuri, naye Kemunto akanyamaza kwa aibu.

"Samahani, Mzee. Nimezoea vibaya."

"Umefundishwa na nani?" Dilawar aliuliza kwa Kiswahili, na msichana akashtuka kusikia Kiswahili cha Kisumu kutoka kwa Mhindi wa Weston.

"Hakuna, Mzee. Kule Nyamira kila mtu anaimba hivi."

"Si kweli," alisema Dilawar. "Mimi nimefika Nyamira."

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, Kemunto alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Alikuja na gita lake na rafiki yake mmoja, Kiprop, kijana wa kompyuta aliyepiga gita la pili kwa upole kama anaomba radhi. Nazlin, binti wa Dilawar, aliyekuwa akimaliza masomo ya famasia, alikuja kusaidia kukunja nyaya kama alivyofanya tangu akiwa na miaka tisa. Jumapili tano zikatosha. Nyimbo kumi na moja, zote za Kemunto mwenyewe, kwa Kiingereza cha kantri chenye vumbi la Nyamira: mama anayesubiri simu, mwanamume aliyeahidi kurudi msimu wa mahindi, shangazi aliyezikwa wewe ukiwa zamu. Albamu waliiita *Nyamira*, na jalada lake lilikuwa picha ya Kemunto amesimama kando ya reli, koti lile lile.

Nani angetarajia? Redio ya chuo kikuu iliucheza wimbo mmoja, ikaucheza tena, kisha watu wakaanza kupiga simu kuuliza huyu ni nani. Mwaka uliofuata Kemunto akaalikwa kuimba kwenye baa moja maarufu ya katikati ya jiji, ile yenye kofia pana ukutani na sakafu inayonata. Dilawar na Nazlin walisimama nyuma kabisa. Watu walikuwa wakipiga kelele, wakiagiza bia, wengine wakimwangalia yule mwanamke mweusi mwenye gita kwa jicho la hebu tuone. Akaimba mstari wa kwanza. Mhudumu aliyekuwa akimimina bia aliacha kumimina. Kuna mzee mmoja, mkulima kwa sura, alivua kofia yake polepole akaiweka kifuani, na hakuirudisha mpaka mwisho. Dilawar alikuwa ameona vyumba vingi vikinyamaza maishani, vya msikiti na vya misiba, lakini hakuwahi kuona kunyamaza kama kule. Alimshika Nazlin mkono.

Tangu siku hiyo Dilawar alimngojea Kemunto arudi na nyimbo nyingine kama mtu anavyongojea mwezi uandame.

Kemunto alirudi mwaka 2008. Sasa alikuwa na jina kidogo. Alikuwa ameimba Ottawa na Calgary, na kampuni moja ya muziki ya katikati ya jiji ilimwambia kwamba albamu ya pili ikifanya kama ya kwanza, watamchukua. Wangemtafutia hata studio. Yeye akasema ana fundi wake.

Fundi wake alikuwa na miaka sitini na saba, na kitu kilikuwa kimebadilika. Alinunua kompyuta. Alilalamika kwamba kila kitu kina ukungu. "Unaimba kama uko ndani ya gunia, binti yangu," alimwambia Kemunto. "Juu! Panda juu kidogo." Kemunto akapanda. "Bado. Juu!" Akapanda mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na sauti ile iliyowahi kumvua mkulima kofia ikawa nyembamba kama uzi uliovutwa kukatika. Kisha Dilawar akakaa kwenye kompyuta na kuongeza ukali, akaongeza tena, mpaka alipotabasamu na kusema, "Hapo sasa. Sasa nakusikia."

Na halafu kulikuwa na kile kidude cha dari. Kila chumba Toronto kina king'ora cha moshi, na betri ya akiba ikiisha hulia: tiip! Kisha kinanyamaza kama dakika moja. Tiip! Cha chumba cha nyuma kilikuwa kinapata umeme wa ukutani, kwa hiyo hakikufa, kiliendelea tu kulalamika kama mgeni asiyehudumiwa. Siku ya kwanza kilipolia katikati ya wimbo, Kiprop aliacha kupiga akamtazama Dilawar. Dilawar alikuwa amefumba macho, uso umetulia, akitikisa kichwa kwa furaha. Kiprop akamgeukia Kemunto. Kemunto akatikisa kichwa: usiseme. Wakaendelea. Kufikia Jumapili ya tatu Kemunto alikuwa amejua kukipigia hesabu, akivuta pumzi pale kinapokaribia kulia.

Kwa nini hakusema? Utauliza hivyo kama hukulelewa kwetu. Mzee amekufungulia mlango wake, amekutoa gizani, hajakudai chochote zaidi ya kusimama palipobandikwa gundi, halafu wewe, wa umri wa binti yake, umwambie kwamba kazi yake imeharibika? Kwamba masikio yake, ambayo ndiyo mtu mwenyewe, yamekwisha? Heri ufe na tai shingoni. Kemunto alijiambia labda ndiyo mitindo mipya. Alijiambia mzee anajua. Usiku kabla ya kulala alijiambia mambo mengine, lakini asubuhi aliyasahau kwa makusudi.

Sisi tuna adabu nyingi mno, na nyingine hazina faida kwa mtu yeyote.

Albamu ilizinduliwa majira ya kuchipua ya 2009 kwenye ukumbi wa kanisa moja kule Pickering. Wakenya walijaa. Walisikiliza nyimbo tatu kwenye spika kubwa, wengine wakijikuna masikio, kisha wakapiga makofi ya nguvu, wakamkumbatia Kemunto, wakamwambia Dilawar hongera Mzee, kazi safi sana, wakaenda kwenye chapati. Hakuna hata mmoja aliyesema. Gazeti la jiji ndilo lililosema, kwa kuwa gazeti halina shangazi: liliandika kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa na sauti, na sasa ana sindano. Redio iliyompenda ikanyamaza. Kampuni ikamwandikia Kemunto kwamba itasikiliza albamu moja zaidi, ya mwisho, na ikiwa kama hii, basi. Kemunto alilificha gazeti, akaificha barua, na kila Dilawar alipopiga simu kuuliza habari alijibu, "Nzuri tu, Mzee. Tunamshukuru Mungu."

Ilikuwa Oktoba tena, mwaka ule ule, Nazlin alipopita dukani. Sasa alikuwa mfamasia kule Richmond Hill na aliingia chumba cha nyuma mara chache. Alisimama mlangoni dakika mbili, kisha akakunja uso, akataka kujua kitu kile kimelia tangu lini.

"Papa, how long has that thing been crying?"

"Kitu gani?"

Nazlin akaelekeza kidole darini. Tiip! "Hicho."

Dilawar akatazama dari. Akamtazama binti yake. "Sisikii kitu, beta, mwanangu."

Alidhani anataniwa. Alipanda ngazi, akasogeza sikio karibu na kile kidude mpaka kikamgusa nywele, na akaona taa yake ndogo nyekundu ikiwaka na kuzima, na Nazlin chini akikunja uso kila ilipowaka. Alishuka polepole. Hakuuliza kimelia tangu lini. Alikwenda rafuni, akatoa albamu ya pili, akaiweka kwenye mashine.

"Kaa," alimwambia. "Kila ukikisikia, inua kidole."

Wakakaa. Wimbo wa kwanza ukaanza, na Dilawar akafumba macho kama kawaida yake, kisha akakumbuka kuyafumbua. Kidole cha Nazlin kikapanda. Yeye alisikia gita tu. Wimbo ukaendelea, kidole kikapanda tena, katikati ya mstari ambao Kemunto alivuta pumzi mahali pasipo na sababu ya kuvuta pumzi. Hapo Dilawar akaelewa kwamba msichana alikuwa anajua. Alikuwa akipisha. Kidole kilipanda katika kila wimbo, na kila kilipopanda mzee alijiona mdogo zaidi kwenye kiti chake. Nazlin alikuwa akilia, lakini mkono wake haukuchoka.

"Na sauti yake?" Dilawar aliuliza mwishoni. "Niambie ukweli. Sauti yake ikoje?"

"It hurts, Papa." Kisha, kwa sababu hakutaka baba akosee kuelewa, akalitafuta neno la Kiswahili. "Inachoma."

Daktari wa masikio alimpa karatasi yenye mstari mmoja. Upande wa sauti nene mstari ulikwenda vizuri, umenyooka, kisha ghafla ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Sauti zote nyembamba zilikuwa zimeondoka, labda tangu miaka minne iliyopita, bila kuaga.

Alimwita Kemunto na Kiprop dukani, akawasimamisha mbele yake kama watoto wa shule, karatasi mkononi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mzee, mimi nilidhani ni mambo ya ufundi," alisema Kiprop kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza! Nakuuliza wewe, Kemunto."

"Ningekuambiaje, Mzee?"

"Ungefungua mdomo! Mdomo ule ule wa kuimbia!" Alipiga meza, bisibisi zikaruka. "Mmeniheshimu, ee? Mmeniheshimu mpaka nimekuua!"

Kemunto akaanza kulia, na hapo ndipo yote yalipotoka: gazeti, redio, barua ya kampuni, albamu moja iliyobaki. Dilawar alisikiliza bila kukatiza. Hasira ikamwisha mwilini, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. Alikuwa amepewa kitu ambacho fundi hupewa mara moja katika maisha, na alikiharibu kwa mikono yake mwenyewe huku akitabasamu.

"Nenda kwenye studio yao," alimwambia. "Wana watu wenye masikio. Mimi nimemaliza." Akafunga chumba cha nyuma, ufunguo akautia kwenye kopo la skrubu.

Mwaka mzima ukapita, na mwingine ukafuata. Weston walianza kuchimba njia ya treni mpya ya uwanja wa ndege, wateja wakalalamika kelele, na Dilawar alitengeneza redio zao akiangalia taa badala ya kusikiliza. Alipewa vifaa vya kusaidia kusikia, vya kuvaa masikioni. Vilimletea kila kitu kwa pamoja, karatasi, sahani, viatu, na muziki vikaugeuza bati. Aliacha kuusikiliza. Nazlin alisema Kemunto alikuwa bado hajarekodi, na kwamba kampuni ilikuwa imempa hadi kiangazi cha 2012. Dilawar hakuuliza zaidi. Alimwombea kila siku, hilo hakulisema kwa mtu.

Jumapili moja ya Februari, saa nane mchana, aliwakuta watatu mlangoni wakipigapiga miguu kuondoa theluji: Kemunto, Kiprop na Nazlin.

"Tumekuja kurekodi, Mzee," alisema Kemunto.

"Una wazimu? Hii ndiyo ya mwisho!"

"Ndiyo maana."

"Fundi kiziwi wa nini?"

"Wa kutupanga." Kemunto alikuwa amesimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtazama usoni moja kwa moja. "Kompyuta atashika Nazlin. Wewe hutaigusa. Ukiigusa nitakukataza. Leo nakuambia mapema."

Dilawar akaenda kwenye kopo la skrubu, akatoa ufunguo.

Aliwasimamisha kwa macho na kwa kukumbuka. Alivivua vifaa vya masikioni akaviweka mfukoni, kwa kuwa alijua vitamdanganya, na akakaa kitini akijiandaa kwa ule ukungu. Alijiambia atamtazama tu midomo. Ingetosha.

Kiprop akapiga. Gita lilikuwa limelegezwa, nyuzi zimeshushwa, zikatoa sauti ya kina ya mlango mzito unaofunguliwa taratibu. Na Kemunto akaimba.

Dilawar alishika mikono ya kiti. Aliisikia. Hakuwa na haja ya kuikisia wala kuitazama midomoni, aliisikia kama alivyoisikia siku ile ya redio, na zaidi ya hapo. Sauti ilikuwa imeshuka mahali ambapo hakujua mwanamke anaweza kuimba, chini kabisa, karibu na kuzungumza, pana na yenye joto, na kila neno lilimfikia likiwa zima. Hakuna ukungu. Hakuna gunia. Baadaye magazeti yangeandika kurasa nzima juu ya sauti hiyo. Wangesema Kemunto amejipata, wangesema ni ujasiri, ni mtindo mpya, wangeieleza kwa maneno marefu, na albamu hiyo ingempeleka kwenye majukwaa ambayo hata Nyamira waliyasikia. Lakini siku ile ndani ya chumba kile hakuna aliyejua kama ni ujasiri au ni kujimaliza. Kampuni ilimtaka yule wa *Nyamira*, na yeye alikuwa amemwacha nyumbani.

Wimbo ulipokwisha, Dilawar alikuwa na machozi mpaka kwenye kola ya shati, na hakujisumbua kuyafuta.

"Zote ziko chini hivi?" aliuliza.

"Zote kumi," alisema Kiprop. "Miaka miwili anazishusha. Nazlin alituonyesha ile karatasi ya daktari."

"Kwa nini?" Alikuwa akimuuliza Kemunto. "Binti yangu, ungepata mtu yeyote mwenye masikio mazima. Kwa nini uende huko chini?"

"Huko ndiko ulikobaki, Mzee," alisema Kemunto. "Nilitaka mtu wa kuniambia nikikosea. Wengine wote wananipigia makofi."

Dilawar aliinamisha kichwa muda mrefu. Walidhani bado analia. Kumbe alikuwa akiurudia wimbo kichwani, mstari kwa mstari, kwa kuwa sasa alikuwa nao wote.

"Ubeti wa pili," alisema hatimaye, "neno la mwisho umelimeza. Na kwenye kiitikio umeharakisha, kama mtu anayekimbilia basi. Si nzuri."

Uso wa Kemunto ukachanua wote kwa kicheko.

"Rudia," alisema Dilawar, na Nazlin akarudisha mashine mwanzo.